Inchi Kumi za Delmer Utley

Delmer Utley hakuwahi kumwibia mtu hata sindano, na ndiye aliyetuharibia ziwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nataka kumsengenya mlevi au mwizi. Walevi na wezi tunao hapa, tumewazoea, na hakuna hata mmoja wao aliyetufikisha mahali alipotufikisha yeye.

Mimi nina duka la chambo pale njia panda, robo maili kutoka ziwani. Nauza vidagaa hai kwa dazeni, minyoo, ndoana, mkate, kahawa, na petroli. Mtu akienda kuvua lazima apite kwangu, na akirudi lazima apite tena aseme uongo. Nimesikiliza uongo wa wavuvi kwa miaka thelathini na minne. Delmer peke yake hakunidanganya hata siku moja. Akipata watatu, atasema watatu, na mmoja wao alikuwa mdogo.

Alizaliwa kwenye shamba la tumbaku ng'ambo ya kijito. Baba yake alikuwa mtu wa ahadi nyingi, na mwaka mmoja wa njaa aliuza nyumbu wake wa kulimia, yule yule mmoja, kwa watu wawili. Delmer alikuwa na miaka tisa siku wanunuzi wote wawili walipoingia uani pamoja. Yeye na dada yake Reba walijificha chini ya sakafu ya nyumba wakamsikiliza baba yao akipigwa. Nafikiri alipotoka kule chini alikuwa ameshaamua atakuwa mtu wa namna gani. Akiwa na miaka kumi na minane akaingia kiwanda cha mashati, akakata mikono ya mashati kwa miaka mingi, halafu wakamfanya mkaguzi. Shati likizidi kwa uzi mmoja alilirudisha. Wanawake wa cherehani walimwogopa yeye kuliko meneja, na marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa mashine pale, alisema Delmer angeweza kumrudisha hata mtoto wake mwenyewe kama angezaliwa na sikio moja kubwa. Mtoto hakupata, wala mke.

Ziwa lile si la Mungu. Kilabu cha wafanyakazi wa kiwanda kililichimba, eka kumi na mbili, wakajenga tuta la udongo la kuzuia maji, wakangoja mvua. Serikali ya jimbo ikaleta lori la samaki: besi wa mdomo mkubwa anayekula wenzake, na baadaye krapi. Krapi ndiye samaki wetu. Ni bapa, ana madoa meusi, na mdomo wake ni laini mno. Ukimvuta kwa pupa unachanika na umemkosa. Nyama yake nyeupe, ikikaangwa kwa unga wa mahindi, humrudisha mezani hata mtu aliyenuna.

Delmer hakuvua peke yake. Alivua na Coy Hobgood, mumewe Reba. Coy alikuwa mpakiaji mizigo kiwandani, na jioni alifuga ng'ombe wake ishirini. Tumbo mbele, kamba za viatu zimefunguka, maneno hayaishi. Kila Jumamosi walikuja dukani kwangu pamoja, na kila Jumamosi ilikuwa vita.

"Bi Oneida, mpe shemeji yangu vidagaa ishirini na nne kamili," Coy angesema. "Ukimpa ishirini na tano hatalala."

"Na yeye mpe kumi na mbili. Vingine kumi na viwili atavichukua kwangu, kama alivyomchukua dada yangu."

"Nilimchukua? Nilimsaidia kutoroka! Alichoka kupimiwa chumvi."

Wakacheka, wakaenda. Kila Januari walikata mierezi kwenye malisho ya Coy, wakaifunga matofali ya saruji, wakaizamisha ziwani, kwa sababu krapi hupenda kujificha kwenye matawi. Hawakumwambia mtu mahali miti ilipo. Coy aliyakumbuka maeneo yale kwa kulinganisha mnara wa kanisa na paa la ghala, Delmer aliyaandika. Walikuwa watu wazima wawili katika boti moja ya bati, na sijaona ndugu wa tumbo moja wakipendana vile.

Mwaka 1989 samaki wakaanza kuwa wadogo. Kilabu kikaitisha mkutano kwenye kantini ya kiwanda. Delmer akasimama na shati lake limepigwa pasi, akasema tatizo anaona ni ulafi. Tunakula watoto. Krapi yeyote asiyefika inchi kumi arudishwe majini akue.

"Hivi mtu anayechinja ndama ataona wapi ng'ombe?" akauliza.

Ukumbi ukapiga makofi. Nani atapinga neno kama hilo? Coy peke yake akanyoosha mkono kutoka nyuma.

"Shemeji, mimi ndama nawajua. Uwanja wa ng'ombe ishirini ukitia mia, ndama hakui hata ukimwombea. Wanakonda wote. Wadogo ndio wa kuliwa, hawa wakubwa ndio wa kuachwa."

"Coy anataka kula watoto," mtu akasema, na watu wakacheka. Coy naye akacheka, maana ndivyo alivyokuwa. Kura zikapigwa. Wahenga wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Wanachama tulikuwa hamsini na watatu, na mkono wangu ulikuwa juu.

Delmer akachonga ubao, akatia alama ya inchi kumi kwa kisu, akakaa nao pale boti zinapotoka kila siku ya mapumziko. Hakulipwa. Mvua, jua, yupo. Watu wakachukua wakubwa wote, wakarudisha wadogo wote, na besi nao tukawala kwa kuwa hakuna sheria iliyowataja. Miaka ikapita. Mtu aliweza kuvua krapi mia kwa asubuhi moja na asipate hata mmoja wa kwenda naye nyumbani. Delmer alisema sheria haijapewa muda.

Sasa Aprili ya mwaka 1994. Miti ilikuwa imetoa maua meupe, na huo ndio wakati krapi anasogea ukingoni kutaga. Kanisa la Reba lilikuwa na chakula cha kuwakaribisha nyumbani waliohama, na Reba alikuwa ameahidi samaki. Coy akatoka majini saa nne asubuhi na sanduku la barafu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka kahawa na vidagaa. Watu kama thelathini walikuwa ukingoni.

"Fungua sanduku," Delmer akasema.

"Shemeji, ni wa kanisani. Reba anangoja na mafuta jikoni."

"Fungua."

Coy akafungua. Walikuwa arobaini na mmoja. Delmer akamtoa wa kwanza akamlaza kwenye ubao. Inchi nane. Akamtupa majini. Wa pili, nane na nusu. Akamtupa. Wale samaki walikuwa wamekufa tangu alfajiri, wamekakamaa kwa barafu, lakini sheria ilisema warudishwe, basi yeye akawarudisha, mmoja mmoja, akitaja kipimo kwa sauti, na maiti zile zikaelea matumbo juu mbele ya watu thelathini. Hakuna aliyecheka. Kobe wa majini wakaanza kuja kuwala. Alipofika wa ishirini hivi Coy akasema polepole, "Delmer, unapima samaki au unanipima mimi?"

"Sheria haina shemeji," Delmer akajibu, akamchukua wa ishirini na moja.

Coy hakungoja amalize. Aliacha sanduku, akaacha na boti, akapanda gari lake. Juma lililofuata Delmer mwenyewe akatoa hoja Coy Hobgood afutwe uanachama. Nilinyoosha mkono tena. Naweza kusema nilikuwa mjane wa miaka miwili na duka langu lilitegemea kilabu, na ni kweli, lakini mkono ni wangu.

Reba akaacha kusema na kaka yake. Hapana, si kweli, alikuwa akimngoja. Sikulijua hilo wakati ule. Tulichokiona sisi ni kwamba Delmer hakukanyaga tena nyumba ya dada yake, akisema Coy aje kwanza akiri kosa, na Coy hakuja. Miaka mitano baadaye Reba akaugua saratani ya matiti, akafa kabla tumbaku haijavunwa. Kanisani Delmer akakaa upande wa kulia na Coy upande wa kushoto, na jeneza katikati. Nilitamani kuinuka niwapige wote wawili kwa kitabu cha nyimbo. Baada ya mazishi kila mtu alishika njia yake.

Na samaki? Wakawa wa inchi saba, kisha sita. Wana macho makubwa na miili myembamba. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, Delmer amestaafu, hana kitu kingine ila ziwa lile. Mwaka 2005 akaandika barua kwa jimbo, kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akiomba lori jingine la samaki kwa sababu hawa waliopo ni mbegu mbaya.

Akaja binti mmoja mtaalamu wa samaki, buti hadi kiunoni, nywele kazifunga kwa mpira. Akatega nyavu siku mbili. Siku ya tatu wanachama tukakusanyika ukingoni. Akatoa krapi wa inchi sita, akampasua kichwa, akatoa kijiwe cha sikioni, kidogo kuliko punje ya mchele, akakivunja na kukiweka chini ya kioo cha kukuzia. Akamwita Delmer achungulie.

"Unaona mistari? Hesabu. Kila mstari ni mwaka."

Delmer akahesabu. Kuhesabu ndiyo kazi aliyoijua.

"Saba," akasema.

"Huyu si mtoto, mzee. Huyu amezeeka. Hawa wote wamezeeka, wana njaa. Chakula cha ziwa hili kinatosha robo yao. Wakubwa mmewala, besi wa kuwapunguza mmewala, wadogo mmewarudisha. Nani aliwapa sheria hii?"

Tukatazama buti zetu. Watu waliopiga makofi mwaka ule, wengine walikuwa pale pale, na kila mmoja ghafla akaona kitu cha kuokota chini.

"Mimi," Delmer akasema.

"Mngekula hao wadogo tangu mwanzo, msingefika hapa. Hakuna aliyewaambia?"

Delmer akainama akachungulia kioo tena. Kisha akasema, "Alikuwepo mmoja."

Jioni ile akaja dukani. Hakununua kitu. Akasimama karibu na tangi la vidagaa, akisikiliza pampu ya hewa.

"Nataka Coy arudi," akasema. "Nataka tukae boti moja tena kabla sijafa. Nitamwambiaje, Bi Oneida?"

"Neno moja tu. Nilikosa."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka ngapi? Mficha uchi hazai, Delmer. Mwambie nilikosa, unyamaze, umwache atukane. Atatukana, atachoka, atakuletea kahawa."

Akaniomba niende naye. Jumapili alasiri nikapanda gari lake, naye amevaa shati lililopigwa pasi, na kwenye kiti katikati yetu kuna bahasha. Nikauliza ni nini, akasema ni karatasi. Ningejua ningeichana.

Coy alikuwa barazani anamenya viazi. Amekonda, tumbo limekwisha, paka wanne miguuni. Alipotuona hakuinuka wala hakutufukuza. Akasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa, Bi Oneida. Utley, wewe unajua mwenyewe."

Delmer hakukaa. Akatoa bahasha akampa. Coy akafuta mikono kwenye suruali, akasoma, midomo inatikisika. Ilikuwa barua yenye muhuri. Ilisema kwamba kilabu, baada ya kupitia upya suala la mwaka 1994, kimeamua kumsamehe Bwana Coy Hobgood na kumrudishia uanachama wake.

"Kinanisamehe," Coy akasema.

"Kura zote za kamati. Hakuna aliyepinga."

"Kinanisamehe kosa gani, Delmer?"

Nilikuwa namtazama Delmer. Niliona neno lile linafika kooni mwake. Mbele ya macho yangu lilifika, likakaa, na yeye akalimeza.

"Mtaalamu wa jimbo amesema takwimu za wakati ule hazikuwa kamili," akasema.

Coy akaikunja barua vizuri, akamrudishia. Hakupandisha sauti, na nilitamani apandishe.

"Mimi ziwa sikulikasirikia hata siku moja. Samaki ni samaki. Lakini Reba alikaa dirishani pale miaka mitano. Mimi nilitaka kuja kwako nikuvunje meno, akanikataza. Alisema, kaka yangu atakuja mwenyewe, ni mgumu lakini atakuja. Hata wiki ya mwisho, gari likipita aliniuliza, ni Delmer? Nikamwambia ni mtu wa posta." Akachukua kiazi kingine. "Umekuja na muhuri."

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo. Aliyetufanya mashemeji ulimzika ukiwa upande wa pili wa kanisa."

Njiani Delmer aliendesha maili thelathini kwa saa, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilimtukana mpaka njia panda. Sitarudia nilichosema, ila nilimaanisha.

Kilabu kikafuta sheria. Yule binti alisema tuvue wadogo bila kikomo, maelfu, tuone kama ziwa litapumua. Watu walichoka baada ya majuma mawili, maana krapi wa inchi sita ana kazi nyingi na nyama kidogo. Delmer hakuchoka. Kila siku alivua ndoo nzima, akakaa usiku jikoni kwake akiwaparua na kuwatoa mifupa, vipande vidogo kama kidole gumba, akavitia kwenye mfuko wa nailoni, na kila Jumamosi akaenda kuutundika kwenye kitasa cha mlango wa Coy. Hakugonga. Alitundika, akaondoka.

Mwezi wa kumi na moja Coy akaja dukani kununua maziwa.

"Mwambie Utley aache. Paka wangu wamenenepa mpaka panya wanawapita mlangoni."

"Mwambie wewe."

"Aje agonge, nitamwambia." Akahesabu sarafu zake. Kisha akasema bila kunitazama, "Agonge tu, Oneida. Mimi nipo ndani siku zote."

Nilimpelekea Delmer habari ile siku hiyo hiyo, mbio, duka nimelifunga mchana. Akaacha kisu.

"Alisema hivyo hivyo? Agonge?"

"Hivyo hivyo."

"Alikuwa na hasira au alikuwa anatania?"

"Delmer, nenda ukagonge mlango!"

"Nitakwenda," akasema. "Sitaki kwenda vibaya tena. Nikipata maneno nitakwenda."

Akayatafuta maneno Novemba yote na Desemba yote, akiendelea kutundika mifuko. Katikati ya Januari Coy akaanguka bafuni. Binti yake akaja kutoka Indiana usiku ule, akampakia garini na nguo mbili tatu, akagawa paka, akafunga nyumba. Alipita kwangu kujaza mafuta. Coy alikuwa amekaa mbele amefungwa blanketi, mdomo umekwenda upande. Hakuweza tena kusema neno lililoeleweka. Nilimshika mkono kupitia dirishani.

Simu ninayo, na namba ya Delmer naijua kwa kichwa. Sikupiga. Nilijiambia atasikia kwa watu, lakini Delmer hakuwa na watu, nami nilijua. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mkono wangu ulionyooka mara mbili, na nikataka mtu alipe. Alikuja Ijumaa tatu kununua vidagaa nami nikamhesabia dazeni zake, nikamrudishia chenji.

Jumamosi ya tatu jua lilitoka na baridi ikalegea. Mifuko miwili ya majuma yaliyopita bado ilikuwa kwenye kitasa, ilikuwa imeganda na sasa inayeyuka na kunuka. Jirani wa Coy alimwona Delmer kutoka uani kwake. Anasema mzee alisimama muda mrefu na mfuko wa tatu mkononi. Kisha akauweka chini, akavua kofia, akagonga. Akangoja. Akagonga tena kwa nguvu zaidi, akaita jina, akaegemeza paji la uso kwenye mlango na kusema kitu. Jirani hakusikia ni nini, akavuka kwenda kumwambia nyumba ni tupu.

Alikuja kwangu moja kwa moja, kofia bado mkononi.

"Ulijua ameondoka?"

"Nilijua."

"Na bado unanihesabia vidagaa." Hakusema kwa hasira. "Yuko wapi?"

"Kwa binti yake, Indiana. Haongei tena, Delmer. Hata ukienda hatakujibu."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama tangi. Maji yalikuwa yanachemka kwa hewa ya pampu.

"Niligonga," akasema. "Nikamwambia nilikosa. Nilisema kabisa, kwa sauti. Neno lenyewe si gumu, Bi Oneida. Ni fupi."